Kuchagua Taa ya LED kwa Jukwaa Dogo: Uso wa Mwigizaji Uonekane, Fedha ya Kikundi Isipotee

Maonyesho ya usiku kijijini hutegemea kitu ambacho mara nyingi hununuliwa mwisho na kwa haraka: mwanga. Waigizaji huweza kuyakariri maneno yao barabara na ngoma zikawambwa vizuri, lakini mtazamaji wa safu ya nyuma asipoziona nyuso, sehemu kubwa ya ujumbe humpita. Hasara hiyo ni nzito zaidi pale igizo linapobeba elimu ya huduma, kama vile chanjo ya watoto, matumizi ya maji safi au madhara ya mimba za utotoni. Mzazi anapoiona huzuni katika uso wa mhusika, huondoka na jambo la kutafakari nyumbani.

Sanaa za maonyesho kama chombo cha elimu ya jamii zina historia ndefu nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo mwandishi wa tamthilia Penina Muhando Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, kuyachambua matatizo yao kwa njia ya ngoma na maigizo. Katika Wilaya ya Nyasa, ngoma za mganda na kioda zimekuwa zikikusanya watu tangu enzi ambazo mwanga wa usiku ulikuwa mbalamwezi, moto wa kuni au karabai. Leo nyaya za umeme vijijini na taa za LED madukani zimefungua nafasi mpya. Kikundi cha Kingerikiti, Mbamba Bay au Liuli kinaweza kuandaa onyesho la usiku kwa umeme mdogo sana kuliko uliohitajika miaka thelathini iliyopita.

Nafasi hiyo ina mtego wake. Taa nyingi huuzwa kwa namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi na kwa wingi wa rangi zinazocheza, na mambo hayo mawili hayamwambii mnunuzi kama uso wa mwigizaji utaonekana. Somo hili linaeleza hatua za kufuata kabla fedha haijatoka mfukoni.

Hatua ya kwanza: pima jukwaa kabla ya kwenda dukani

Chukua futi kamba na karatasi. Andika upana wa jukwaa, kina chake, kimo cha paa au nguzo itakayobeba taa, na umbali kutoka hapo taa itakapofungwa hadi mahali mwigizaji atakaposimama. Umbali huo wa mwisho ndio muhimu kuliko vyote.

Sababu yake ni kwamba mwanga hupungua haraka kadiri unavyosafiri. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Taa inayotosha kabisa ikiwa mita 3 kutoka kwa mwigizaji itaonekana hafifu ikiwa mita 6. Kwa hiyo kikundi chenye fedha kidogo kinaweza kupata mwanga zaidi bila kuongeza shilingi, kwa kuisogeza taa karibu tu.

Hatua ya pili: chagua pembe ya mwanga

Kila taa ya kumulika hutoa mwanga wenye umbo la pia, mwembamba kwenye taa na mpana unapofika chini. Upana huo hupimwa kwa nyuzi, na kwa kawaida huandikwa kwenye boksi: nyuzi 15, 25, 40 au 60. Ili kujua ukubwa wa duara la mwanga jukwaani, zidisha umbali kwa namba hizi:

Nyuzi 15: zidisha kwa 0.26.
Nyuzi 25: zidisha kwa 0.44.
Nyuzi 40: zidisha kwa 0.73.
Nyuzi 60: zidisha kwa 1.15.

Mfano: taa iliyo mita 4 kutoka kwa mwigizaji, yenye pembe ya nyuzi 15, hutoa duara la takriban mita 1. Hilo linamfaa msimulizi mmoja aliyesimama mahali pamoja. Taa ya nyuzi 40 kwa umbali uleule hutoa duara la karibu mita 2.9, linalotosha kwa wahusika watatu wanaozungumza. Wachezaji wa mganda waliopanga mstari huhitaji mwanga mpana zaidi. Wakimulikwa kwa taa ya nyuzi 15, mmoja ataonekana na wenzake watabaki gizani.

Kwa jukwaa la upana wa mita 5, taa zenye pembe ya nyuzi 40 hufaa katika maonyesho mengi. Maduara yake mawili yakipishana kidogo katikati, upana wote hufunikwa.

Hatua ya tatu: tazama lumeni, usidanganywe na wati

Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa na taa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Taa za zamani za halojeni hutoa takriban lumeni 20 kwa kila wati, na umeme uliobaki hugeuka joto. Taa nzuri ya LED hutoa lumeni 80 hadi 100 kwa kila wati, ingawa lenzi hupunguza kiasi kinachofika jukwaani.

Kwa jukwaa dogo, lumeni 3,000 zinazofika ndani ya duara la mita 2.9 hutoa mwangaza unaokaribia ule unaopendekezwa kwa chumba cha ofisi. Katika ukumbi uliotiwa giza, mwangaza huo unatosha. Taa ya LED ya wati halisi 50 hadi 60 inaweza kuifanya kazi hiyo.

Neno «halisi» lina uzito wake. Taa yenye vijitaa 54, kila kimoja kikitajwa kuwa cha wati 3, huuzwa kama taa ya zaidi ya wati 160, lakini mara nyingi hula umeme chini ya hapo. Ipo njia rahisi ya kuhakiki kwa mita ya LUKU. Zima kila kitu kingine kinachotumia umeme katika nyumba, andika uniti zilizobaki, washa taa kwa mwanga wake wote kwa saa 2, kisha soma tena. Taa ya kweli ya wati 200 itakuwa imekula uniti 0.4. Ikiwa imekula 0.1 tu, basi ni taa ya wati 50, hata kama boksi linasema vingine.

Hatua ya nne: jaribu kwa uso na kwa kitenge

Hapa ndipo vikundi vingi hupotezea fedha. Taa za jukwaani zilizo nafuu zaidi huwa na vijitaa vya rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Zikiwashwa zote pamoja huonekana kutoa mwanga mweupe, na ukutani weupe huo huridhisha. Tatizo hujitokeza kwenye ngozi ya binadamu. Mwanga huo una upungufu wa njano na rangi ya chungwa, na hizo ndizo zinazoipa ngozi ya kahawia uhai wake. Matokeo yake uso hugeuka kijivu au zambarau, na kitenge cha njano hupauka.

Taa ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanga mweupe hufanya kazi tofauti. Ndani yake mna kijitaa cha buluu kilichofunikwa unga wa njano, na mchanganyiko wa hizo mbili huwa mweupe. Kijitaa hicho cha buluu ndicho kilichowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, kwa kuwa bila buluu mwanga mweupe wa namna hii usingepatikana.

Kwenye boksi, tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni namba yenye herufi K. Namba ya 3000 hadi 3200 ni mwanga wa joto unaokaribia ule wa taa za halojeni; 5600 na kuendelea ni mwanga wa baridi wenye ubuluu. Kwa nyuso, mwanga wa joto hupendeza zaidi, na katika maonyesho ya nje huvutia wadudu wachache kuliko ule wa baridi. Cha pili ni namba ya uhalisia wa rangi, inayoandikwa CRI au Ra. Kiwango cha juu kabisa ni 100. Kwa maigizo tafuta 90 au zaidi. Chini ya 80 rangi huanza kupotoka waziwazi.

Boksi likiwa kimya kuhusu namba hizo, jaribio la macho linatosha. Mwombe muuzaji aiwashe taa mahali penye giza, mtu mmoja asimame mita 3 mbele yake akiwa ameshika kitenge chenye njano, nyekundu na kahawia, kisha wengine watazame. Wapeleke dukani wanakikundi wenye ngozi ya rangi tofauti, kwa kuwa taa inayompendeza maji ya kunde inaweza kumficha mweusi tii. Taa ikiufanya uso uonekane mgonjwa, iachwe hata kama bei yake inavutia.

Vikundi vinavyovaa sare nyeupe vizingatie jambo jingine. Nguo nyeupe hurudisha mwanga mwingi kuliko uso, na jicho la mtazamaji hufuata palipong'aa. Kuongeza ukali wa taa hakuondoi tatizo hilo. Kumulika kutoka pande mbili husaidia zaidi, kwa kuwa mwanga wa ubavuni huchora paji la uso, mashavu na kidevu.

Hatua ya tano: panga mahali pa taa

Mwaka 1932, Stanley McCandless, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alichapisha kitabu kilichoeleza namna ya kumulika jukwaa. Kanuni yake inafaa hata katika ukumbi wa kata: kila eneo la kuigizia limulikwe na taa mbili kutoka mbele, moja kushoto na nyingine kulia, zote zikiwa juu kwa mwinamo wa takriban nyuzi 45. Taa ikiwa chini mno, vivuli vikubwa hupanda ukutani nyuma ya waigizaji. Ikiwa juu ya kichwa moja kwa moja, macho huzama gizani.

Kikundi kinachoanza kinunue taa mbili nyeupe za joto zinazofanana. Fedha ikipatikana, ziongezwe mbili nyingine kama hizo ili upana wote wa jukwaa upate mwanga kutoka pande zote mbili. Taa za rangi zije mwisho, na zifungwe nyuma au ubavuni. Shule inayoigiza tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inaweza kutumia buluu kwa nyuma pale mhusika mkuu anapotoka katika mto Rufiji. Buluu itaonyesha maji, na taa nyeupe za mbele zitabaki na kazi ya kuonyesha uso wake.

Hatua ya sita: sikiliza, piga picha, punguza mwanga

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu mafupi.

Kwanza, iache taa iwake kwa dakika 15 na usikilize. Taa nyingi zina feni ya kupoza. Feni inayovuma humsumbua mtazamaji pale mwigizaji anapozungumza kwa sauti ya chini.

Pili, irekodi video ya taa kwa simu ikiwa na mwanga wote, kisha mwanga ukiwa umepunguzwa. Ikionekana mistari myeusi inayotembea, taa inapepesa, na kumbukumbu zote za maonyesho zitaharibika.

Tatu, punguza mwanga taratibu hadi uzime. Taa nzuri hufifia polepole kama jua linalozama. Iliyo duni huruka ghafla kutoka mwanga hadi giza. Hakikisha pia kwamba inaweza kufungwa kwenye rangi moja. Baadhi ya taa hubadili rangi zenyewe kila ngoma inapolia, jambo linalofaa disko na kuharibu igizo. Taa nyingi zina tundu la DMX, utaratibu wa kuongoza taa kwa waya uliowekwa mwaka 1986. Tundu hilo litasaidia baadaye, ila kikundi kidogo hakihitaji kununua meza ya kuongozea mwanzoni.

Mwanga wa kumwekameka kwa kasi utumiwe kwa tahadhari kubwa au uachwe kabisa, kwa sababu unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu wenye ugonjwa huo.

Hatua ya saba: umeme na usalama

Taa nne za halojeni za wati 500 hula wati 2,000. Onyesho la saa 3 hutumia uniti 6. Taa nne za LED za wati 60 hula wati 240, na kwa saa zilezile hutumia uniti 0.72. Kila kikundi kizidishe namba hizo kwa bei ya uniti katika mita yake. Nafuu nyingine ni kwamba jenereta ndogo ya kilowati 1 inaweza kuendesha taa hizo nne za LED pamoja na kipaza sauti cha kawaida, kazi ambayo isingeiweza kwa taa za halojeni.

Kwa kuwa umeme wa vijijini hupanda na kushuka, chagua taa iliyoandikwa volti 100 hadi 240. Plagi iwe na pini ya athi. Taa yenye alama ya IP20 ni ya ndani tu. Onyesho la uwanjani huhitaji IP65, ambayo huvumilia mvua. Wiring ya ukumbi ikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Taa inayoning'inia juu ya watu ifungwe kwa bolti, kisha iwekewe mnyororo au waya wa chuma wa akiba, ili bolti ikilegea taa isidondoke. Isifungwe kwenye kenchi iliyoliwa na mchwa.

Fedha ya kikundi ni deni

Halmashauri kwa mujibu wa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha sanaa kinachofanya shughuli za kujiingizia kipato kinaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kupata maelezo ya vigezo na utaratibu. Afisa Utamaduni wa wilaya huelekeza kuhusu usajili katika Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

Mkopo usio na riba bado ni mkopo. Taa ikizima baada ya mwezi mmoja, marejesho hayasimami. Ndiyo maana ahadi ya saa 50,000 iliyoandikwa kwenye maboksi isimlevye mnunuzi. Kikundi kinachowasha taa saa 3 kwa wiki kingehitaji zaidi ya miaka 300 kuzimaliza saa hizo. Kinachokufa mapema ni kifaa cha kubadilisha umeme kilichomo ndani, feni na nyaya. Chagua taa inayofunguka kwa skrubu ili fundi wa Mbinga au Songea aweze kuitengeneza, na uiepuke iliyogandishwa kwa gundi.

Dai risiti ya EFD na maandishi ya dhamana. Kutoka Kingerikiti hadi Songea si mwendo wa kwenda na kurudi kwa ajili ya taa moja iliyokufa, hivyo majaribio yote yafanyike dukani. Katika bajeti, ongeza stendi, ekstensheni, bolti na nauli ya mzigo. Mara nyingi kikundi hununua taa nne kisha kikakosa pa kuzifunga. Taa mbili zilizokamilika vifaa vyake zina faida zaidi.

Zoezi kwa kikundi

1. Jukwaa lina nguzo iliyo mita 5 kutoka kwa mwigizaji. Taa ya nyuzi 25 itatoa duara la upana gani? Je, linatosha wahusika watatu?

2. Taa iliyotajwa kuwa ya wati 100 imewashwa peke yake kwa saa 3 na LUKU imepungua uniti 0.15. Wati zake halisi ni ngapi?

3. Kikundi kina fedha ya taa mbili tu. Kinunue za rangi au nyeupe za joto? Toa sababu.

Majibu: (1) Mita 2.2, halitoshi, wahusika watabanana. Pembe ya nyuzi 40 itatoa mita 3.65. (2) Wati 50, yaani nusu ya zilizotajwa. (3) Nyeupe za joto, zikivuka kutoka pande mbili, kwa sababu uso ndio unaobeba ujumbe.